Wa Tatu Kutoka Kushoto

Mwaka 2014, nikiwa nimekwisha kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu, alinijia nyumbani binti mmoja wa miaka ishirini na kitu. "Shikamoo, mzee," alinisalimu. "Marahaba, mwanangu. Karibu." Alisema baba yake alisoma ualimu chuoni kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990, akafariki yeye akiwa bado ananyonya. Kwao hapakuwa na picha yake hata moja.

Nilifungua sanduku la bati, nikatoa picha ya mwaka alioutaja. Watu 42 wamepangwa mistari mitatu, na sura zao zinaonekana vizuri. Nyuma yake niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Wanachuo wa mwaka wa pili wakiwa na mgeni rasmi." Tarehe ipo. Jina na cheo cha mgeni rasmi vipo. Binti akaniuliza, "Yupi ni baba?" Sikuweza kumjibu.

Tangu siku ile nimesoma, kwa bidii ya mtu mwenye deni, namna wenzetu wanavyoorodhesha picha. Maelezo yanayoandamana na picha wataalamu huyaita metadata. Kwa lugha ya nyumbani ni yale tunayoandika nyuma ya picha. Kuna viwango vya kuyaandika. Dublin Core, uliozaliwa katika mkutano wa mwaka 1995 mjini Dublin, Ohio, nchini Marekani, una vipengele 15 na unafaa kwa kitu cho chote, kiwe kitabu, barua au picha. VRA Core ulitungwa na chama cha watunzaji wa picha za sanaa na majengo. Toleo lake la nne, la mwaka 2007, lina vipengele 19. Kisha kuna kitabu Cataloging Cultural Objects, kilichotolewa mwaka 2006, ambacho hakiishii kutaja vipengele bali kinafundisha namna ya kuvijaza. Hiki ndicho ninachotaka kukihakiki, pamoja na VRA Core inayokwenda nacho.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Jambo kubwa wanalolifundisha ni kutenganisha kitu na picha ya kitu. Chukua Beit-al-Ajaib ya Zanzibar. Jengo lilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Picha yake huenda ilipigwa 1950, na nakala ya kompyuta ikatengenezwa 2010. Mwanafunzi asiyefundishwa huandika mwaka mmoja tu, na atakayekuja baadaye hajui ni mwaka wa nini. Hawa wanasema jengo lipewe kumbukumbu yake, picha ipewe yake, kisha zifungamanishwe. Tangu Desemba 2020, sehemu ya jengo hilo ilipoporomoka, sina haja ya kueleza faida ya kujua kila picha inaonyesha jengo la wakati gani.

Sifa ya pili ni namna wanavyoshughulikia shaka. Picha inayoonyesha uso wa Beit-al-Ajaib bila mnara wa saa katikati yake ni ya kabla ya matengenezo yaliyofuata mashambulizi ya Agosti 1896. Mwaka kamili hatuujui, lakini hatuko gizani kabisa. Kitabu kinaruhusu uandike "takriban" kwa macho ya msomaji, na pembeni uweke mwaka wa mwanzo na wa mwisho ili mashine iweze kutafuta. Nimefundisha miaka mingi, na najua ilivyo kazi kumfundisha mtu kukiri asichokijua bila kutupa anachokijua.

Sasa nije kwenye kasoro. Niliwapa vijana wawili wa maktaba ya chuo picha moja, kila mmoja chumba chake, nikawaambia waandike kilichomo. Picha inaonyesha vijana wenye majembe mbele ya bweni. Wa kwanza aliandika: "Wanaume, majembe, jengo." Wa pili aliandika: "Elimu ya Kujitegemea." Nani amekosa? Hakuna. Wa kwanza ametaja vitu vinavyoonekana, wa pili maana yake. Tofauti hii Erwin Panofsky aliieleza kwa habari ya michoro mwaka 1939, na viwango vya leo vinataka yote mawili yaandikwe. Lakini baada ya wote wawili kumaliza, hakuna kijana hata mmoja mle pichani aliyepata jina.

Tusivionee viwango. Katika VRA Core nafasi ya jina la mtu aliyemo pichani ipo, chini ya kipengele cha kilichomo. Mtu akitaka ataijaza. Ila ukisoma kwa makini unaona fikra ya waandishi imeelekea wapi. Aliyetengeneza kitu, mali ghafi, vipimo, mtindo, mahali kilipohifadhiwa: haya yamepewa sura nzima nzima. Ndivyo inavyopasa kwa mchoro wa msanii maarufu au kanisa la kale. Lakini picha zetu nyingi zilipigwa na mpiga picha wa mtaani aliyelipwa akaenda zake, na thamani yake yote imo katika nyuso. Kwetu mambo yamepinduka: wa kutajwa kwanza ni waliopigwa. Tena jina peke yake halitoshi. Orodha ya majina 42 isiyosema nani kasimama wapi isingemsaidia yule binti.

Ukoloni ulituachia picha nyingi zilizoandikwa "mwanamke wa Kiswahili" au "wapagazi", na jina la Mzungu aliyesimama kando limeandikwa kwa ukamilifu. Nimewahi kuyalaumu hayo mbele ya wanachuo kwa sauti kubwa. Kumbe mimi mwenyewe, Mwafrika na mwalimu, nimeandika jina la mgeni rasmi na kuwaacha wanafunzi wangu bila majina. Sikuwa na kiwango cha kigeni cha kukilaumu. Nilikuwa na kalamu, nafasi, na watu wote 42 mbele yangu.

Kwa hiyo ninapofundisha sasa, ninaanza kwa utaratibu wangu: mstari, nafasi kutoka kushoto, jina, aliyelitaja, na siku aliyolitaja. Baada ya hapo ndipo tunafungua vipengele vya wenzetu, nao wanatufaa sana. Nasema aliyelitaja kwa sababu kumbukumbu za wazee hugongana. Ile picha nimeizungusha kwa wanachuo wa mwaka ule, mmoja mmoja, bila kuwaambia mwenzao amesema nini. Tumepata majina 31. Kwa baba wa binti, wawili walionyesha wa tatu kutoka kushoto, mstari wa katikati. Mmoja alisema hapana, ni wa tano. Nimeandika hivyo hivyo, na neno "huenda" nimeliacha mahali pake. Binti nilimweleza vilevile bila kuongeza chumvi. Alichukua nakala, akaniambia ameitundika sebuleni.

Msomaji wangu, kitabu nilichokitaja ni kizuri, na akipataye akisome. Lakini hakitakutajia nani yuko pichani. Anayejua ni shangazi yako, naye anazeeka. Mpelekee picha. Andika nyuma, pembeni, kwa penseli laini, maana wino hupenya na kalamu huacha alama usoni. Andika na jina la shangazi kuwa ndiye aliyesema.