Sifa ya Kiraka

Ukiagana na mtu wa Ndosho, magharibi mwa Goma, mkutane siku ya tatu, atakuja Jumatano. Yeye huanza hesabu baada ya siku ya yenga, yaani Jumapili: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka siku ya posho, ambayo ni Jumamosi. Mtu wa Mombasa huanza hesabu na Jumamosi, ndiyo maana tatu yake ni Jumatatu. Lugha ni moja, lakini wawili hao watapishana siku mbili nzima.

Sasa fundi wa programu anataka simu na kompyuta za Ndosho zihesabu kama Ndosho. Afanyeje?

Mfumo huria kama Linux, alioutangaza Linus Torvalds mwaka 1991, unampa ruhusa ya kuchukua msimbo wote, kuubadili, kuupa jina jipya na kuanzisha tawi lake. Haki hiyo naiheshimu kwa moyo wote. Mwaka 1995 Theo de Raadt, aliyekwisha kutolewa katika kundi la mfumo huria wa NetBSD, alianzisha tawi lake, OpenBSD. Ndani ya tawi hilo ikazaliwa programu ya OpenSSH mwaka 1999, ambayo leo inalinda mawasiliano ya mashine duniani kote, zikiwemo zile za NetBSD. Aliyehama alirudisha tunda nyumbani.

Lakini tawi lina kodi yake. Kila tundu la usalama likizibwa kwenye shina, mwenye tawi lazima azibe la kwake pia, mwezi huu, mwezi ujao, na mwakani. Katika mji ambako umeme hukatika na mega za intaneti hununuliwa kidogo kidogo, kodi hiyo humchosha mtu mapema. Hata Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na kampuni nyuma yake, huchota upya kutoka Debian kila inapoandaa toleo jipya.

Ndiyo sababu nausifu ufundi wa kiraka. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu ndogo kwa kazi hiyo. Kiraka ni maandishi matupu: mstari wa zamani umetanguliwa na alama ya kutoa, mpya umetanguliwa na alama ya kujumlisha, na juu na chini imeachwa mistari michache isiyoguswa ili mpokeaji ajue mahali pa kushonea. Kwa watunzaji wa Linux, kiraka kimoja hubeba badiliko moja, hueleza sababu, na hutiwa saini kwa jina la aliyekileta. Fundi wa namna hii hatukani nguo ya wenzake. Anaonyesha palipotoboka, analeta kitambaa, kisha anasubiri kukosolewa.

Mtengeneza chukudu wa Goma, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anaujua moyo huo. Akipigilia ukanda wa tairi kuukuu kwenye gurudumu la mbao, chukudu inabaki chukudu. Ameongeza tu kile ambacho mawe ya volkano yanadai.

Kiswahili cha Kongo chenyewe kimepita njia zote mbili. Katika CLDR, hazina ya shirika la Unicode ambamo Android na mifumo ya Apple huchota majina ya siku na miezi, kwanza kiliwekwa peke yake kwa alama ya swc. Baadaye kikahamishiwa chini ya Kiswahili cha wote, kikawa sw-CD. Kanuni ya hazina hiyo ni kwamba mtoto haandiki alichokwisha kuandika mzazi. Huandika tofauti yake tu. Neno likisahihishwa Dodoma, Goma nayo inafaidi bila jasho.

Urithi huo una sharti moja: tofauti isiyoandikwa humezwa. Pasipo mtu wa kuleta siku ya posho, simu itasema Jumamosi, na mtoto wa Ndosho atakua akidhani maneno ya bibi yake ni makosa.

Kwa hiyo, kijana wa Ndosho unayejua kuandika msimbo, usijenge mfumo mzima kwa ajili ya maneno saba, wala usiyaache maneno hayo saba yapotee. Yaandike, eleza kwa nini, tia saini yako, uyapeleke kwenye shina. Wakiyakataa, uliza sababu, rekebisha, peleka tena.