Nyimbo za Mji Wetu: Tunazikumbuka ao Tunazisikiliza?

Mwezi wa saba, wakati baridi ya Lubumbashi inakaza na kila mtu anatafuta kukaa karibu na mbabula, chama chetu kilipanga kikao cha namna mpya. Kila mmoja alete wimbo mmoja anaoupenda, tuusikie, kisha aseme unampeleka pahali gani pa mji na saa gani ya siku. Tulikuwa watu 12. Kikao kilichukua masaa matatu, watu walicheka, wawili walilia, na wakati wa kuachana kila mtu alisema turudilie. Sisi pia tulisema vile.

Lakini njiani kurudi nyumbani tulipiga hesabu. Nyimbo 12, na nyingi zilikatwa katikati kwa sababu mwenye wimbo alikuwa na haraka ya kusimulia. Kwa jumla hatukusikiliza muziki hata nusu saa. Muda mwingine wote ulikuwa wa marehemu, wa nyumba zilizouzwa, wa wachumba walioolewa na wengine, na wa bei ya mkate ya zamani. Hayo si mabaya. Ila tumeombwa kuandika juu ya kikao hiki, na mwalimu akipewa kalamu hawezi kuacha kusahihisha. Swali letu ni hili: je, tulipeana nyimbo, ao tulipeana paka picha zetu za zamani, nyimbo zikawa fremu?

Tuanze na Papa mmoja, mwalimu wa historia aliyekwisha kupumzika. Alileta Indépendance Cha Cha. Huu hauhitaji kutambulishwa. African Jazz ya Joseph Kabasele waliutoa kule Bruxelles mwanzoni mwa 1960, wakati wakubwa wetu walikuwa kwenye meza ya duara na Wabelgiji. Ndani yake majina ya wanasiasa yanapita moja nyuma ya lingine. Lumumba yumo, Tshombe yumo, wote juu ya mwendo uleule wa chacha, kama ndugu wanaokula bukari mu sahani moja. Huyu Papa alikuwa mtoto wa miaka 12 mu komini ya Kamalondo. Tarehe 30 Juni waliucheza barabarani. Tarehe 11 Julai Katanga ikatangazwa kujitenga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa, si mbali na mji huu huu. "Tuliuchezaka siku kumi na moya tu," alisema, "kisha baba akaficha disiki chini ya kitanda."

Hapa kumbukumbu haikuufunika wimbo, iliufungua. Watu wanausifu kwa furaha yake, na furaha ipo, nani atakataa. Lakini sisi tunaona nguvu yake ya leo iko katika ile orodha ya majina. Mu Januari 1960 ilikuwa habari tu, kama habari za redio. Mwaka mmoja nyuma yake ikawa orodha ya watu wanaowindana, na wimbo haukubadilika hata nota moja. Anayesema huu ni wimbo wa furaha peke yake, aende kuusikiliza Kamalondo na mtu wa umri ule.

Mama mmoja mshonaji alileta Nakei Nairobi, ya Mbilia Bel. Huyu hakusema mengi. Mama yake alikuwa na mashine ya kukanyaga kwa mguu, kwenye baraza la nyumba, karibu na soko la komini ya Kenya. Wimbo ukianza, mama anapima na kukata bila haraka. Ukifika kwenye seben, mguu unafuata gitare na gauni linaisha. "Mikono mingi ilishonwaka upande upande juu ya ile seben," alisema, tukacheka wote. Lakini mutazame: kwa maneno yale machache alitueleza kwamba wimbo una vyumba viwili, na kila chumba kina kazi yake. Tumekwisha kusoma kurasa nyingi juu ya muziki wa Kongo ambazo hazifiki pale.

Kijana mwenzetu, mwalimu wa hesabu, alileta wimbo wa juzijuzi kutoka Kinshasa. Unampeleka kwenye barabara ya Kasumbalesa, saa kumi na moja ya asubuhi, ndani ya basi, akienda kutafuta bidhaa ya kuuza kusudi mshahara ufike mwisho wa mwezi. Wimbo ulitupendeza mpaka mabanga yalipoanza. Majina ya watu wa feza, majina ya watu wa siasa, majina ya watu walio Ulaya, yote yamelipiwa, yanapigwa kelele juu ya gitare nzuri kama mtu anayeegemea mlango wa mwenzake na kupiga honi. Tulimwambia hivyo. Naye, kwa heshima lakini bila woga, akajibu: "Lakini wazee wenu nao, Profesa, shi waliimbiaka kampuni?"

Ni kweli, na lazima tuikubali. Mwenda Jean Bosco alipokwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliimbia dawa ya Aspro. Edouard Masengo aliimbia Coca-Cola. Wapiga gitare wetu wa Katanga, tunaowaweka juu kama watakatifu wa kanisa, waliuza sauti kama wengine. Tofauti tunayoiona ni ndogo, lakini ni tofauti: wimbo wa Aspro ulikuwa wimbo wa Aspro. Haukuingia ndani ya Masanga kuomba pahali pa kukaa.

Sasa tumefika kwenye Masanga, ndio wimbo tulioupeleka sisi. Msomaji atuvumilie, hapa tutakaa.

Hugh Tracey aliurekodi 1952 huko Jadotville, leo Likasi. Mwenda wa Bayeke alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Disiki ilitoka kwa Gallotone ya Afrika ya Kusini ikatembea mbali, hata wapiga gitare wa Kenya walijifunza vidole vyao humo. Wimbo unachukua dakika tatu hivi, kwa sababu upande wa disiki ya wakati ule haukubeba zaidi. Gitare moja, sauti moja, hakuna ngoma.

Kwanza, jina. Kijana wa hesabu aliposikia jina alicheka: "Masanga njo pombe." Kwa Lingala, ndiyo, masanga ni vileo. Sisi tulikua tukisikia masanga njia, pahali njia zinapokutana. Tulibishana dakika kumi juu ya neno hilo moja, na tunafikiri ubishi ule ulikuwa na faida. Mji wetu njo ule: mtu mmoja anasikia njia panda, mwingine anasikia chupa, na pengine wote wawili wamesimama pahali pamoja.

Pili, vidole. Mwenda anapiga na viwili tu, dole gumba na kile kinachofuata. Dole gumba liko chini, linatembea bila kusimama, kama mtu anayekwenda kazini. Kidole cha pili kiko juu, kinasimama, kinaruka, kinarudilia, kama mtu yule yule anaposalimia watu njiani huku miguu inaendelea. Sauti inaingia, inasema maneno machache, inatoka, gitare linabaki peke yake. Basi ukisikiliza Masanga kwenye telefone ndogo, unasikia kidole cha juu tu, dole gumba linapotea kabisa. Ndiyo maana vijana wanasema ni muziki mwembamba. Wamesikia salamu bila mtu anayetembea. Sisi tulikopa bafle ya kwaya ya parokia, tukaibeba mabegani mpaka pale. Wenzetu walituona wapumbavu.

Kwetu, wimbo huu ni wa jumapili. Baba yetu alifanya kazi mu kampuni ya migodi, na jumapili alikuwa akiweka redio kasete kwenye dirisha, mama anawasha mbabula nje, moshi wa makala unaingia ndani pamoja na gitare. Kisha 2003 akapoteza kazi, yeye na maelfu ya wenzake. Nyumba tuliyohamia haikuwa na umeme. Baba hakuuza redio. Betri zilipochoka tulizipanga juani juu ya bati kusudi zipate nguvu kidogo, na jioni Masanga iliimba. Lakini iliimba polepole. Betri zilizochoka zinavuta ukanda kwa uvivu, gitare linashuka, sauti inakuwa nzito. Mwenda wetu alikuwa mzee mwenye kifua kizito, anayetembea kwa kuchoka kurudi kwake. Tulimjua vile miaka mingi.

Wakati ule tulikuwa tunamaliza masomo ya ualimu, na tulikuwa na kiburi cha diplome. Usiku mmoja tuliandika maneno ya wimbo mu daftari, kisha tukayasahihisha kwa wino mwekundu: hapa upatanisho mbaya, hapa neno si la Kiswahili bora, hapa sentensi haina mwisho. Tukampa baba. Tukamwambia wimbo wake mzuri, ila maneno hayana maana. Alitazama ukurasa mpaka chini, akaturudishia daftari. "Mwana, weye hausikie," alisema. "Unasoma tu."

Miaka sita nyuma yake, baba akiwa amekwisha kufariki, tulisikia Masanga kwenye kompyuta ya rafiki, na mwendo wake wa kweli. Tulifikiri wamekosea. Huyu ni kijana! Ana sauti nyepesi, vidole vinakimbia, anakwenda, harudi. Tulikasirika, hatufichi. Ilikuwa kama mtu ametutolea baba mwingine. Tuliomba rafiki apunguze mwendo, akatushangaa.

Hapo ndipo tulianza kuogopa masimulizi yetu. Wimbo tulioupenda zaidi ya zote tulikuwa hatujausikia hata mara moja. Tulikuwa tumesikia betri. Uchovu ule wote tulioufikiri ni wa Mwenda ulikuwa wetu, wa nyumba isiyo na umeme, na sisi tukauandika kwa hesabu ya mpiga gitare wa miaka ishirini.

Wageni walifanya kazi hii kabla yetu. David Rycroft aliandika juu ya gitare la Mwenda mu jarida la African Music, 1961 na 1962, kidole kwa kidole. John Low alitoka Uingereza 1979, akaja huku Shaba, akakaa chini ya wazee Mwenda, Masengo na Losta Abelo, akajifunza kwa mikono yake. Sisi, Mwenda alikufa kwa ajali ya gari kule Zambia 1990 tukiwa watoto wa shule, na mu miaka yote ya masomo hatukusikia jina lake darasani. Na hatukuliuliza.

Basi kwenye kikao, zamu yetu ilipofika, tuliomba kitu kimoja: mtu asiseme neno. Tuliweka wimbo wote mpaka mwisho, dakika tatu, kisha tukauweka tena. Mara ya kwanza watu walitazamana na kutazama telefone zao. Mara ya pili Papa wa historia alianza kugonga goti kwa dole gumba, na hakukosa. Wimbo ulipokatika, maana haufungiki, unakatika tu, mama mshonaji alisema: "Huyu hajafika." Kijana wa hesabu akauliza kama anaweza kuusikia peke yake, karibu na bafle. Tulimpisha. Hakuna aliyeuliza unatupeleka wapi, na sisi hatukusimulia habari ya betri. Tunaisimulia hapa kwa mara ya kwanza, na pengine tunavunja sheria yetu wenyewe.

Hatusemi tuache kukumbuka. Yule Papa angenyamaza, tungepoteza nusu ya Indépendance Cha Cha. Tunasema paka hivi: mtu akileta wimbo, tuusikilize kwanza, kisha tuulize. Kwa kikao kijacho tumependekeza nyimbo tano tu, si 12, kila mmoja kamili na mara mbili, kwa bafle. Kamati imesema itaona.

Wiki iliyofuata tulibeba ile bafle mpaka darasa la tano. Tuliwapa wanafunzi kazi ya kugonga dole gumba juu ya meza na kuandika maneno wanayoyasikia. Wakasoma walichoandika, na karibu kila mmoja alikuwa na maneno yake. Binti mmoja wa mbele, anayependa alama nzuri, akanyosha mkono: "Profesa, maneno ya kweli ni gani?" Tulikuwa na rekodi mbili, ile ya 1952 na ingine ambayo Mwenda aliipiga akisha kuwa mtu mzima. Kalamu nyekundu ilikuwa mu mfuko wa shati. Tulimwambia agonge tena, tukaweka ya pili.