Picha Isiyo na Jina

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ina hekima yake, lakini katika jambo tunalolizungumzia hapa tunathubutu kuipinga. Tumeishi miaka mingi katika Mkoa wa Mara, tukifanya kazi za ofisi mchana na kutunga mashairi usiku, na tumeona kwamba mwenye macho aweza kupita mbele ya ndege yule yule kila siku bila kumwona.

Siku hizi vijana wetu wa Musoma, Bunda na Butiama wana simu zenye kamera, na baadhi yao hupenda kupiga picha za ndege na vipepeo. Jambo hili ni jema. Zamani wataalamu waliotaka kumjua ndege walimpiga risasi, wakamchuna, na ngozi yake ikapelekwa katika makumbusho ya Ulaya. Kijana wa leo humchukua kwa picha na kumwacha aruke. Lakini baada ya picha kupigwa, ni nini hufuata? Tukiuliza, "Huyu ni nani?" tunajibiwa, "Ni ndege." Na wa pili? "Ni kipepeo." Mazungumzo huishia hapo.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu vijana. Kosa ni letu watunzi kwanza. Mashairi yetu yamejaa ndege, lakini aina zao ni chache, na kila mmoja amepewa kazi moja kama mtumishi: njiwa ni mapenzi, bundi ni mkosi, tai ni enzi, na kipepeo ni uzuri usiodumu. Sisi wenyewe tuliwahi kutunga beti za kumsifu "tai" wa ziwani apazaye sauti alfajiri. Tulipozisoma mbele ya watu pale Musoma, mvuvi mmoja alingoja hadi mwisho, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Shairi ni zuri. Lakini yule mwenye kichwa cheupe ni furukombe. Tai tunaowajua sisi hungoja mzoga. Yule huvua samaki kama sisi." Tuliona haya. Vina vilikuwapo na mizani ilitimia, ila ndege mwenyewe hakuwamo.

Tangu siku hiyo tumejifunza kwamba kumtambua kiumbe ni namna ya kusoma, na kusoma huko kuna kanuni zake. Yatupasa kutazama ukubwa, mdomo, miguu, rangi, sauti, mwendo na mahali. Mfano ni yule mdiria mweusi na mweupe wa ufukweni. Husimama hewani juu ya maji akipigapiga mabawa, kisha hujitupa kichwa mbele kumfuata samaki. Atazamaye kwa haraka huona ndege mmoja tu. Atazamaye kwa makini hutambua dume kwa mikanda miwili myeusi kifuani, na jike kwa mkanda mmoja, ambao mara nyingi umekatika katikati. Hapo ndipo picha hutusaidia, maana hulisimamisha lile ambalo jicho halikuliwahi.

Vipepeo hutudai uangalifu zaidi. Tunaambiwa kwamba ndege wafananao huruka pamoja, lakini kwa vipepeo kufanana kwaweza kuwa hila. Yuko kipepeo wa rangi ya chungwa aitwaye kisayansi Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo humkinga, hivyo ndege wakishamwonja humwepuka. Yuko na mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na sumu hiyo. Jike lake limeiga vazi la yule wa kwanza, ili nalo liogopwe. Dume lake ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe. Picha ya jike hilo itamdanganya mpiga picha asiyejua kuhesabu. Katikati ya bawa la nyuma la yule mwenye sumu kuna madoa meusi matatu au zaidi. Mwigaji ana doa moja tu, penye ukingo wa mbele wa bawa hilo.

Sasa tuvitazame vitabu. Mwaka 1963 John G. Williams alitoa kitabu cha kuwatambulia ndege wa Afrika Mashariki na ya Kati, na mwaka 1969 kingine cha vipepeo wa Afrika. Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe walitoa chao, chenye aina zaidi ya 1,300 za ndege wa Afrika Mashariki. Ni kazi za uvumilivu mkubwa, na mwalimu akivipata atanufaika. Lakini vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Bunda aendaye Serengeti atamwona kasuku mdogo wa kijani, mwenye mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Kitabuni atakuta kwamba ndege huyo ana jina la Fischer, msafiri wa Kijerumani, alilopewa na Reichenow mwaka 1887. Jina la kisayansi si baya, kwani huwaelewanisha watu wa Bunda na wa Berlin. Ubaya ni kuliacha peke yake.

Katika ofisi, barua isiyo na tarehe wala kumbukumbu namba hupotea hata kama imo kabatini. Picha nayo ni hivyo hivyo. Tunawashauri walimu kila shule iwe na daftari: picha, tarehe, mahali, tabia iliyoonekana, jina la Kiswahili, jina la Kijita, Kizanaki au Kikurya kutoka kwa wazee, na jina la kisayansi. Wavuvi na wachungaji waulizwe kwanza, maana wao ndio maktaba iliyo karibu.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alizitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Lugha iliyoweza kumbeba Kaizari wa Roma na mabepari wa Venisi haiwezi kushindwa na kipepeo anayetua juu ya ua wa shule ya Butiama. Kinachotakiwa ni sisi kumtazama, kuuliza, na kuandika.