Mtu mkimya mbele ya jopo la usaili

Ushauri anaopewa mtu mkimya kabla ya usaili ni ule ule kila mahali: changamka, tabasamu, paza sauti, jiuze. Naupinga. Anayeigiza uchangamfu hutumia nusu ya akili yake kujitazama, na ni nusu iliyobaki tu inayosikiliza swali. Kinachomwangusha mtu mkimya ni muda, na muda unaweza kutengenezwa kabla ya siku yenyewe kufika.

Ninayemzungumzia si mwenye haya wala mwoga. Ni mtu anayefikiri kwanza ndipo aseme, anayechoshwa na maongezi marefu na wageni, na ambaye jibu lake bora humjia akiwa ameshapanda daladala kurudi nyumbani. Jibu hilo la kwenye daladala ni ushahidi kwamba maarifa anayo. Yalichelewa tu.

Kuchelewa huko kuna kipimo. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walilinganisha mazungumzo ya kawaida katika lugha 10, zikiwemo Kijapani, Kidenmaki na lugha moja ya Namibia, wakapima nafasi iliyopo kati ya swali la ndiyo au hapana na jibu lake. Kwa wastani ilikuwa kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Binadamu tumezoea kujibiwa kufumba na kufumbua. Basi mjumbe wa jopo anaposubiri sekunde tatu, masikio yake yanamwambia kwamba huyu hajui. Msailiwa naye anauhisi ukimya ule, anaingiwa na wasiwasi, anasema neno la kwanza lililomjia, na neno la kwanza kwa mtu wa aina yake kwa kawaida ndilo dhaifu kuliko yote. Na jopo likiuliza kwa Kiingereza, kichwa kinabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: kutafuta la kusema, na kutafuta maneno ya kulisemea.

Dawa yake ni kufanya kazi ya kutafuta mapema. Lakini kabla ya kueleza namna, tazama jinsi usaili wenyewe ulivyoundwa, maana hapo ndipo penye habari njema kwa mtu mkimya.

Usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huenda kwa hatua. Kuna mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika. Kwa baadhi ya kada kuna usaili wa vitendo. Kisha mahojiano ya ana kwa ana. Katika mahojiano ya namna hiyo maswali huwa yameandaliwa, wasailiwa wa nafasi moja huulizwa yale yale, na wajumbe hujaza alama. Watafiti huuita usaili wenye mpangilio, na wameufuatilia kwa miongo mingi. Frank Schmidt na John Hunter, katika mapitio yao ya mwaka 1998, waliupa 0.51 kwa uwezo wa kubashiri utendaji kazini, dhidi ya 0.38 kwa maongezi yasiyo na mpangilio, katika kipimo ambacho 1 ni ubashiri kamili. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu kwa uangalifu zaidi, wakashusha namba zote mbili: 0.42 na 0.19. Pengo lilizidi kuwa pana.

Maana yake kwa msailiwa ni hii: mbele ya jopo lenye karatasi za alama, bashasha haina safu kubwa. Alama zinafuata kilichosemwa. Mjumbe anatafuta kitu cha kuandika, na asipokipata anaacha nafasi wazi hata kama amekupenda. Mtu mkimya aliyejiandaa ana faida hapa, mradi alete vitu vya kuandikwa.

Mfano mmoja utaonyesha kazi hiyo inavyofanyika. Nilikaa na binti mwenye stashahada ya uhasibu, aliyewahi kujitolea katika ofisi moja ya ushirika, akijiandaa kwa mahojiano. Nilimuuliza swali ambalo majopo hulipenda: tueleze tatizo ulilokutana nalo kazini na namna ulivyolitatua. Alijibu: “Tuliwahi kupata tatizo la hesabu kutolingana, tukakaa, tukalitatua.” Kisha akanyamaza. Jibu lilikuwa la kweli, na lisingempa hata alama moja.

Nikaanza kumchimba. Hesabu zipi? Makusanyo ya siku na fedha zilizoingia benki. Nani aliona? Yeye. Waliokuwepo walidhani nini? Mweka hazina alishaanza kumshuku mhudumu wa kituo kimoja cha makusanyo. Yeye akafanya nini? Alipanga risiti kwa namba zake za mfululizo, akazilinganisha na hati za malipo ya benki moja baada ya nyingine, akagundua kwamba kituo kile kilikuwa kinafunga hesabu jioni lakini kinapeleka fedha benki asubuhi inayofuata. Hakuna senti iliyopotea. Fedha zilikuwa njiani. Alipendekeza fomu ya siku ya kuonyesha fedha zilizo njiani, na usuluhishi wa hesabu za benki wa mwezi uliofuata ukafungwa kwa wakati.

Yote hayo alikuwa nayo kichwani. Hakuyasema kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni mali. Wengi wetu tumelelewa kuona kujitaja ni utovu wa adabu, na tumemezeshwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana alisema “tukalitatua” kwa kazi aliyoifanya peke yake. Jopo haliwezi kumpa alama mtu aliyejificha ndani ya kundi. Hapakuwa na haja ya kumfundisha majigambo. Tulitenganisha tu sehemu mbili: ya ofisi ibaki “tu”, ya mikono yake iwe “ni”. Toleo la mwisho lilichukua kama dakika moja na nusu: hali ilikuwaje, jukumu lake lilikuwa lipi, alifanya nini kwa mpangilio, ikawaje.

Kisha tukaligeuza tukio hilo hilo pande zote. Linajibu swali la uadilifu, kwa kuwa mhudumu alikaribia kusingiziwa. Linajibu swali la kutofautiana na mkubwa wa kazi, na la umakini, na la kuboresha utaratibu. Matukio sita au saba yaliyochimbwa hivi yanatosha kujibu sehemu kubwa ya maswali ya mahojiano, na kila moja liandikwe kwenye kikaratasi kwa maneno machache ya kukumbusha, si kwa sentensi kamili. Anayekariri sentensi hupotea mara swali linapoulizwa kwa upande mwingine.

Sasa sehemu ambayo watu wakimya huiruka: kusema kwa sauti. Wao huridhika na kusoma maandishi yao mara kumi, maana kusoma ni raha na hakuna anayesikiliza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kujifunza. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne. Jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja, kisha likajaribu mara tatu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya wiki moja, kundi la kusoma tu lilikumbuka 40%, na la kujikumbusha 61%. Kwa hiyo funga daftari, chukua kikaratasi, simulia tukio zima kwa lugha itakayotumika siku ile, ujirekodi kwa simu. Ukikwama, hapo ndipo pa kurekebisha. Anza peke yako chumbani, kisha mbele ya mtu mmoja unayemwamini, kisha wawili.

Mazoezi hayatafuta ukimya wote, wala hayatakiwi kuufuta. Kinachotakiwa ni kuupa ukimya jina. Ukiulizwa jambo jipya, sema: “Naomba nifikiri kidogo kabla ya kujibu.” Sentensi hiyo inamwambia mjumbe kwamba kuna kazi inaendelea, na sekunde zile tatu hazisomwi tena kama kutojua. Macho nayo yana mahali pake. Kwa wengi kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima, lakini kwenye karatasi ya alama huenda ikasomwa kama kutojiamini. Mwangalie aliyeuliza unapoanza na unapomaliza, katikati uko huru.

Kuna pia swali moja unalojua litakuja na unaloliogopa. Mwaka 2016 David Maraga, Msabato, alipohojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama ya Kenya kwa nafasi ya Jaji Mkuu, aliulizwa angefanyaje kesi ikiangukia Jumamosi. Alisema ingekuwa vigumu sana kwake kukaa mahakamani siku hiyo, na kwamba angezungumza na majaji wenzake wampe nafasi. Hakuzunguka, hakuomba radhi, na akaonyesha njia. Nafasi aliipata. Mahojiano ya tume ile yalirushwa kwenye televisheni na mengi bado yako kwenye intaneti: simamisha video kila baada ya swali, ujibu mwenyewe, ndipo usikilize.

Kampuni ndogo ni habari nyingine. Bosi anakaa na wewe, anaongea anavyojisikia, na hapo mchangamfu ana upendeleo wa wazi. Mpelekee kitu cha kushika: taarifa uliyoandaa, mchoro, picha za kazi. Mazungumzo yatahamia kwenye kitu hicho, nawe utakuwa unaeleza badala ya kupiga soga.

Mwishoni utaulizwa kama una swali. Wengi husema “hapana, asante” kwa hamu ya kutoka, na kupoteza mahali pekee ambapo usikilizaji wao ungeonekana. Kama mjumbe alitaja kwamba ofisi inahamia mfumo mpya wa malipo, uliza atakayeajiriwa atautumia tangu siku ya kwanza au atashiriki kuhamisha kumbukumbu za zamani. Andaa maswali mawili ya namna hiyo nyumbani; la tatu ulitoe kwenye yale utakayoyasikia mle ndani.