Kabati la Mto Thames: Chupa Zisizo na Maelezo

Mwaka 1999 msanii wa Kimarekani, Mark Dion, alifanya jijini London kazi iitwayo Tate Thames Dig. Vikundi viwili vya wenyeji, kimoja cha vijana wasiozidi miaka 17 na kingine cha wazee wa zaidi ya miaka 65, viliteremka kwenye kingo za mto Thames, huko Millbank na Bankside. Mto huo hupwa na kujaa kama bahari. Basi ulipokupwa waliokota chupa, vigae, viko vya udongo, mifupa, viatu, hata vitu vya kuchezea vya plastiki. Vyote vilioshwa na kuainishwa kwa msaada wa wataalamu, kisha vikapangwa katika kabati kubwa la mbao. Sisi tunaijua kazi hii kwa picha na maandishi tu. Hata hivyo yafaa walimu wa lugha waijadili, kwani swali lake kuu ni la usomaji.

Kwa upande wa fani, msanii amefaulu. Kabati lafanana na yale ya makumbusho ya zamani, lakini ndani yake hamna ubwana na utwana. Vitu vimepangwa kwa jinsi vinavyofanana, si kwa umri wala thamani. Chupa ya kale imekaa bega kwa bega na ya juzi. Mtafuta chupa za kuuza huchukua iliyo nzima na kukiacha kigae. Hapa kigae nacho kimepewa nafasi. Maudhui yake ni wazi: historia ya mji ni ya wote walioishi humo.

Kasoro yake ni kwamba kabati lenyewe halina maelezo. Chupa humwambia mengi ajuaye kuisoma. Akiona kitakoni kovu la ufito wa chuma, atajua ilipulizwa kwa pumzi ya fundi. Akiona mshono wa kalibu umekoma shingoni, atajua mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Mshono ukipita mpaka juu ya mdomo, kwa kawaida ni kazi ya mashine, ya aina ile aliyoifanikisha Michael Owens huko Marekani mwaka 1903. Asiyefundishwa hayo ataona kioo tu.

Mfano mwingine unatugusa zaidi. Miongoni mwa vilivyookotwa mlikuwa na chupa yenye barua ya herufi za Kiarabu, herufi ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo kwa karne nyingi. Mwalimu wetu atauliza mara moja: ni lugha gani, na inasema nini? Kabati halimjibu.

Yaweza kudaiwa kuwa kimya hicho ni cha makusudi, ili mtazamaji afikiri mwenyewe. Tunakubali kwamba maelezo mengi huua udadisi. Lakini kimya nacho huficha watu. Katika karne ya 19 Henry Mayhew aliandika juu ya watoto na vikongwe waliochakura matope ya mto huohuo, wakitafuta makaa ya mawe na misumari ili wapate chakula. Bila neno lolote juu yao, uokotaji waonekana kuwa mchezo tangu hapo.

Tunawashauri walimu watumie picha za kabati hili darasani. Wanafunzi wachague chupa moja, waieleze kwa Kiswahili sanifu, kisha waandike maelezo ambayo msanii hakuyaweka.