Upweke wa Walden na Hesabu Zake

Katika vitabu vinavyosifiwa kwa kumwita mtu aiache jamii akajitafute peke yake porini, Walden cha Henry David Thoreau, kilichotolewa Marekani mwaka 1854, aghalabu hutajwa mbele ya vingine. Wapo wakisomao kama kanuni ya watawa. Wapo pia wakikejelio, wakisema kwamba mtu aliyekaa mwendo mfupi tu kutoka mjini hakustahili kuitwa mkaa pweke. Makundi haya mawili hupingana, lakini kosa lao ni moja: yote yadhani kwamba kitabu chadai kitu ambacho hakikudai.

Thoreau alihamia ukingoni mwa ziwa dogo la Walden, karibu na mji wa Concord, tarehe 4 Julai 1845, katika ardhi ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson. Akaondoka huko tarehe 6 Septemba 1847. Jirani wa karibu alikuwa umbali wa maili moja, na reli ilipita kando ya ziwa. Kwamba reli ilikuwapo, na kwamba kila siku moja au mbili alikwenda mjini kusikiliza habari, ni mambo ambayo msomaji huyapata katika kitabu chenyewe, wala si kwa maadui wa mwandishi. Nyumbani mwake mlikuwa na viti vitatu: cha upweke, cha urafiki na cha jamii. Mtu aikimbiaye jamii haiwekei kiti.

Alitafuta nini, basi? Jawabu limo katika sura ya kwanza, ambayo ni daftari la matumizi. Kibanda cha futi 10 kwa 15 kilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Mbao, matofali, chokaa na misumari, kila kitu kimeandikwa bei yake. Maharagwe ya eka mbili na nusu yalimpa faida ya dola 8 na senti 71 na nusu. Hesabu hizi si mzaha, maana kwake gharama ya kitu ni kiasi cha uhai ambacho mtu hukitoa ili akipate. Pori kwake lilikuwa mizani, na mizani haikaliwi milele. Mtu hupima, kisha akaenda zake. Ndiyo sababu aliweza kuondoka bila kujuta. Alikwisha kuona kwamba katika muda wa wiki moja tu miguu yake ilichimba njia kutoka mlangoni hadi ziwani. Mazoea, ambayo ndiyo minyororo aliyoichukia mjini, yalimfuata mpaka msituni.

Dola nayo ilimfuata. Mwezi Julai 1846 alikwenda mjini kuchukua kiatu chake kwa fundi, akakamatwa na kufungwa usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyokubali biashara ya watumwa. Kutokana na usiku ule ilitoka insha yake ya mwaka 1849 juu ya kuipinga serikali dhalimu. Hapa yaonekana wazi kwamba kujitenga hakukumwondolea wajibu wa raia, kulimwezesha kuuona.

Walakini mizani ile ina upungufu, na mhakiki hana budi kuutaja. Mbao za kibanda zilitoka katika nyumba duni ya James Collins, mfanyakazi wa reli kutoka Ireland, iliyonunuliwa kwa dola 4 na senti 25. Alfajiri jamaa ile ilionekana njiani na mali yake yote katika furushi moja. Bei imo katika daftari. Waliko kwenda Collins na jamaa yake hakumo. Kadhalika, sura moja yawakumbuka wakaaji wa kale wa msitu ule: Cato Ingraham, Zilpha, na Brister Freeman, watu weusi waliopitia utumwa au kuishi kandokando yake. Hao hawakwenda Walden kujitafuta. Walikaa pale kwa kuwa mji haukuwapa mahali pema zaidi, na nyumba ya Zilpha ikachomwa moto. Thoreau awataja kwa huruma, wala hilo si dogo. Lakini hakuulinganisha upweke wao na wake. Yeye aliweza kurudi siku aliyotaka. Upweke wa kuchagua ni shule. Upweke wa kulazimishwa ni adhabu, hata kama ziwa ni lile lile.

Tena, kitabu hiki kiliandikwa upya mara nyingi baada ya kurudi mjini, na miaka miwili ikakunjwa kuwa mmoja. Yaani nafsi iliyotafutwa msituni ilikamilika mezani, kati ya watu, kwa ajili ya wasomaji. Utubora wa Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima kilichotolewa mwaka 1968, naye aliacha kazi ya mjini akashika jembe, lakini shambani aliingia katika ujirani mwingine. Wahenga walisema mtu ni watu. Walden hakiukanushi usemi huu. Chauliza ni watu gani, na kwa gharama ya nani. Swali la pili kililianza bila kulimaliza, na hiyo ni sababu njema ya kukisoma tena.