Kitenzi Kimoja Katika "Malaika"

Wimbo wa "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William pamoja na Jambo Boys yapata mwaka 1960, kisha akaurekodi tena katika studio ya Equator Sound, Nairobi. Kuhusu mtunzi, mabishano hayajakwisha: wengine humtaja Adam Salim, wengine Fadhili mwenyewe. Uhakiki hauwezi kukata shauri hilo, bali waweza kuyachunguza maneno yenyewe.

Kiswahili hakibainishi jinsia katika viambishi vya nafsi. Malaika aweza kuwa mwanamume au mwanamke, na kijana vivyo hivyo. Katika wimbo mzima, neno linaloitambulisha jinsia ya msemaji waziwazi ni kitenzi "oa", kwa kuwa katika matumizi ya kawaida mume huoa na mke huolewa. Kitenzi hicho hufungamana na neno "mali". Msemaji ni mwanamume fukara aliyeshindwa na mahari. Hivyo dhamira ya wimbo ni malalamiko juu ya desturi inayompimia mtu ndoa kwa uwezo wake, na wanaoifasiri "mali" kuwa fedha tu huipunguza nguvu.

Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa wimbo huu katika sahani yao ya pamoja. Boney M wakafuata mwaka 1981, na Angélique Kidjo mwaka 1991. Makeba na Kidjo, wanawake wote wawili, walikihifadhi kitenzi cha mwanamume. Msikilizaji wa Kiswahili aweza kudhani kwamba hilo ni kosa la wageni wa lugha.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, aliimba tungo za washairi wanaume, na hakuna aliyemtaka abadili nafsi. Katika taarabu mwimbaji ni mjumbe wa maneno. Si lazima awe ndiye msemaji. Kwa kipimo hicho Makeba hakukosea. Sauti ya mwanamke inapoyabeba maombi ya mwanamume maskini, kilio husikika kutoka upande wa yule anayetolewa mahari, naye pia amenyimwa mpenzi.

Kasoro kubwa zaidi ni ya mapokezi. Ulimwengu umeupokea wimbo kama bembelezo la mahaba, ukaipenda sauti yake na kuyasahau mashtaka yake. Wenye lugha wasifanye hivyo.